DJ wa Kanisa, Acha Kujitetea

Kama wewe ni kijana unayekaa na kompyuta usiku wa manane, hedifoni masikioni ili watu wa nyumbani wasisikie, ukiunganisha pambio la kwaya ya mtaani kwenu na mdundo wa hausi, makala haya ni yako. Hata kama hujamwambia mtu. Hasa kama hujamwambia mtu.

Najua ulichojiandalia. Umejiandalia utetezi. Zaburi ya 150 unaijua vizuri, pamoja na tarumbeta zake, vinubi, matari, matoazi na kucheza. Habari ya Daudi akirukaruka mbele ya sanduku la Bwana, na Mikali akimdharau kutoka dirishani, uko tayari kumfungulia mzee wa kanisa yeyote atakayesema kwamba muziki wako ni wa disko. Utetezi wako ni mzuri, sina neno. Tatizo ni kwamba hauna kazi. Ukifuatilia namna muziki wa kuchezeka ulivyoingia makanisani, huku kwetu na kwa wenzetu, ni nadra sana kukuta uliingia kwa sababu mtu alishinda mabishano. Uliingia pale kanisa lilipokuwa na shida inayoliuma, akatokea mtu mwenye mdundo, akaibeba ile shida. Mabishano yaliendelea nyuma yake, mengine yanaendelea hadi leo, ila yeye alishaingia.

Kwa hiyo acha kujitetea. Tafuta kinacholiuma kanisa lako.

Twende Lisbon, asubuhi ya tarehe 6 Agosti 2023. Katika uwanja wa Parque Tejo, kando ya mto, wamelala vijana wapatao milioni moja na nusu waliokesha hapo kusubiri misa ya Papa Francis, kilele cha Siku ya Vijana Duniani. Wamejinyoosha chini, miili imechoka, macho mazito. Jua linachomoza, na aliyepewa kazi ya kuwaamsha ni padri mwenye kola shingoni na hedifoni kichwani, amesimama nyuma ya mitambo, anapiga tekno. Ndani ya mdundo amepachika sauti za mapapa. Ni Guilherme Peixoto, ambaye watu humwita Padre Guilherme, na video za asubuhi ile zilizunguka dunia.

Picha hiyo ndiyo inayowafanya vijana wengi waote. Mimi nataka tuiache pale uwanjani, turudi nyuma hadi Laúndos. Hii ni parokia ndogo kaskazini mwa Ureno, jirani na mji wa Póvoa de Varzim. Guilherme alipopelekwa huko alikuta parokia ina madeni. Sasa padri wa kijijini aliyerithi madeni afanye nini? Alianzisha jioni za burudani. Pakawa na karaoke, pakawa na baa ya parokia, watu wakaja, fedha zikaingia, deni likaanza kupungua. (Najua neno baa limewashtua baadhi yenu. Walokole mnisamehe, Wareno na divai yao wana mambo yao.) U-DJ wake ulimea hapo, kwa sababu palihitajika mtu wa kupiga muziki. Na alipoona kazi imekuwa kubwa hakuridhika na kubofya nyimbo zifuatane. Alikwenda mjini Porto kusomea u-DJ, mtu mzima, padri, akakaa kama mwanafunzi.

Angalia mpangilio huo. Deni lilitangulia, muziki ukafuata, shule ikaja baada ya hapo, na jukwaa la Lisbon likaja mwisho kabisa, mhusika akiwa anakaribia miaka 50. Katikati palikuwa na kazi nyingine ambazo hakuna aliyezipiga picha: alikuwa kasisi wa jeshi, akaenda na askari wa Ureno hadi Kosovo na Afghanistan. Wakati wa korona, mwaka 2020, makanisa yalipofungwa, alirusha muziki wake mtandaoni, watu waliofungiwa majumbani wakamfuata huko. Tena shida, tena mdundo. Na mnamo Novemba 2025 alisimama mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Elisabeti mjini Košice, Slovakia, katika sherehe ya kutimiza miaka 75 ya askofu mkuu wa pale, na Papa Leo wa Kumi na Nne akatuma ujumbe wa video uliooneshwa kwenye skrini kabla mdundo haujalipuka. Mtu aliyeanza kwa kulipa madeni ya parokia alifika mahali ambapo papa ndiye anayemfungulia muziki.

Kama angeanza kwa kuandika waraka wa kuthibitisha kwamba tekno si dhambi, hadi leo tungekuwa tunausoma huo waraka. Au tungekuwa hatuusomi.

Mfano wa pili ni wa mtu ambaye umaarufu wake haukutokana na mitambo ya DJ hata kidogo, lakini bila yeye wewe usingekuwa na muziki wa kuchanganya. Thomas Dorsey alizaliwa mwaka 1899 huko Villa Rica, jimbo la Georgia, Marekani. Baba mhubiri, mama mpiga kinanda wa kanisani. Yeye mwenyewe akakulia kwenye piano za vilabu, akaitwa Georgia Tom, akapiga piano nyuma ya mwimbaji wa bluzi Ma Rainey, na mwaka 1928 yeye na mpiga gitaa Tampa Red wakatoa wimbo wa mafumbo ya kitandani uliouzwa vibaya mno. Fedha ilikuwepo, jina lilikuwepo. Akachukua kinanda kilekile cha vilabuni, mitetemo ileile ya bluzi, akaanza kutunga nyimbo za injili.

Wachungaji wengi wa Chicago hawakumtaka. Alifukuzwa makanisani, na mwenyewe aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni. Makanisa makubwa ya watu weusi kaskazini yalikuwa yamejenga heshima yao juu ya nyimbo tulivu za mtindo wa Ulaya, kila mtu amenyooka kama kwenye gwaride. Lakini hesabu ya viti ilikuwa inabadilika. Maelfu kwa maelfu ya watu weusi walikuwa wanahama kutoka mashamba ya kusini kuja viwandani Chicago. Walikuja na makofi yao, na vilio vyao, na miguu isiyotulia. Wakiingia katika makanisa yale wanajiona wageni. Hiyo ndiyo ilikuwa shida, na kila mchungaji mwenye macho aliiona Jumapili kwa Jumapili. Dorsey alikuwa na sauti iliyowafanya wahamiaji wajisikie wamefika nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anaongoza kwaya katika Pilgrim Baptist, moja ya makanisa makubwa ya upande wa kusini wa jiji, na akakaa hapo miongo kadhaa.

Usidhani ilikuwa raha. Mwaka 1932, akiwa safarini St. Louis kwa kazi hiyohiyo ya injili, mkewe Nettie alifariki akijifungua, na mtoto naye akafariki. Kutoka kwenye msiba ule ulitoka wimbo wake unaojulikana kuliko yote, ule ambao Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Ninautaja kwa sababu kuna siku utachoka. Kuna siku utapiga muziki kwenye kongamano huku nyumbani kuna mgonjwa. Kazi hii ina siku kama hizo, na waliokutangulia walizipitia.

Dorsey alifariki Januari 1993, mjini humohumo Chicago. Maana yake alikuwa hai, mzee wa miaka themanini na kitu, wakati mji wake ulipozaa hausi. Mwaka 1977 Frankie Knuckles alianza kupiga muziki kwenye klabu iliyoitwa The Warehouse, na jina la hausi likatoka hapo. Mwaka 1979 umati ulijazana kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, upande uleule wa kusini wa jiji, wakalipua sahani za disko kwa furaha. Vijana weusi wa Chicago, ambao disko ilikuwa yao pia, hawakuandamana. Walinunua mashine za muziki za Roland ambazo soko lilikuwa limezikataa, TB-303 na wenzake, mitumba ya bei ya chini, wakajifungia vyumbani kama wewe unavyojifungia, wakatoka na muziki ambao sasa unachezwa kuanzia Durban mpaka Berlin. Waimbaji wao wengi walilelewa kwenye kwaya. Mwaka 1987 Joe Smooth akatoa wimbo wa hausi alioupa jina la nchi ya ahadi, na ukiusikia utadhani mwimbaji amechelewa kurudi ibadani. Knuckles naye aliifananisha klabu yake na kanisa la walioanguka.

Ndiyo maana nasema ukipachika pambio juu ya mdundo wa hausi huingizi mgeni kanisani. Unamrudisha mjukuu kwa bibi yake.

Na hapa kwetu? Mzee anayekushangaa wewe na mitambo yako huenda ujana wake alikuwa akipuliza tarumbeta katika bendi ya Kilutheri au ya Kimoraviani. Bendi zile zililetwa na wamisionari wa Kijerumani, na leo hakuna anayeuliza kama tarumbeta ni takatifu. Lakini kwa Jeshi la Wokovu, huko Uingereza, shaba zilianza kama ulinzi. Mwaka 1878 wahubiri wa barabarani mjini Salisbury walikuwa wanapigwa na wahuni, ndipo mjenzi mmoja aitwaye Charles Fry na wanawe watatu wakajitolea kuwasindikiza, wakabeba na ala zao. Walikuja kama mabaunsa, wakabaki kama bendi. Ngoma za Kibantu nazo zilikaa nje ya lango la kanisa muda mrefu, mpaka watu kama Padri Stephen Mbunga wa Tanzania walipozifungulia njia. Mbunga hakuja na hasira peke yake. Alitunga misa yenye ladha ya nyumbani, akasoma sheria ya kanisa mpaka mwisho wake, akachapisha kitabu kizima juu ya sheria hiyo na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia.

Sebene tusiliguse sana, tutawaaibisha watu. Gitaa lile linalowainua kina mama Jumapili, vitambaa vikipepea, lilizaliwa kwenye kumbi za dansi za Kinshasa na Brazzaville. Limeokoka lini? Limeokoka siku kwaya ilipogundua kwamba bila sebene mkesha unalala saa saba.

Nairobi wao walitutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wimbo wa Esther Wahome wa Kuna Dawa ulitoka kanisani, ukapanda matatu, ukaingia hata kwenye klabu za usiku. Tuzo za Groove zilipoanza mwaka 2004, muziki wa injili wa Kenya ukawa na jukwaa lake lenye taa na zulia, na polepole DJ wa injili akawa mtu wa kutajwa na kutuzwa. DJ Moz na kipindi cha Kubamba, DJ Mo na Crossover 101, hawa waliwapa vijana wa Kenya Jumapili ya pili baada ya ibada, kwenye televisheni. Unaweza kubishana nao juu ya mambo mengi, na Wakenya hawajaacha kubishana, lakini kazi waliifanya ikawa kazi: mitambo, wafanyakazi, ratiba, ankara.

Sasa tuje kwenye ufundi. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi tunapoparuka.

Hausi inasimama juu ya pigo la ngoma linalorudi kwa usawa, moja, mbili, tatu, nne, mapigo kama 120 hadi 128 kwa dakika. Pambio linaukubali mdundo huo kirahisi, kwa sababu nalo limejengwa kwa kurudia, kiongozi anatupa, umati unadaka. Shida ni kwamba kwaya haiimbi kama mashine. Inaanza taratibu, ubeti wa pili imepata joto, ikifika mwisho imeshapaa, na mwalimu wa kwaya ndiye wa kwanza kukimbia. Prodyuza mvivu anachukua rekodi nzima, anaivuta kwa programu ilingane na mdundo, sauti za kina mama wa soprano zinatoka kama zinaongea kutoka ndani ya pipa. Prodyuza mwenye adabu anakata kipande kwa kipande, neno kwa neno ikibidi, usiku mzima. Na mwenye akili zaidi anakwenda kurekodi upya: mlio wa kuhesabu tempo unaingia kwenye sikio la mwalimu peke yake, kwaya yote inafuata mkono wake kama kawaida. Hakuna anayebanwa, na kila kitu kinakaa mahali pake.

Kitu kingine: kwaya isiyo na ala hushuka ufunguo bila kujijua. Besi ndiyo iifuate kwaya. Usiilazimishe kwaya kuifuata besi yako, maana hao ndio watu wenye wimbo, wewe umekuja kuwabeba. Kisha besi na lile pigo la ngoma vinagombania sakafu moja ya sauti. Fanya besi iiname kidogo kila pigo linapotua, iinuke tena baada yake. Hapo ndipo muziki unapoanza kupumua na mabega ya watu yanapoanza kuitikia wenyewe.

Maneno yasikike. Hili halina mjadala. Kwenye klabu mtu akikosa neno anakunywa soda, lakini kanisani maneno ndiyo yaliyomleta. Ukiona umetengeneza kitu kizuri halafu bibi wa mstari wa tatu haelewi kinachoimbwa, umetengeneza kitu kizuri cha mahali pengine.

Halafu kuna jengo lenyewe. Kumbi zetu nyingi ni mabati juu na saruji kwenye kuta. Sauti za juu zinapiga kelele, za chini zinabingirika hazitoki. Kijana anapoona watu hawachezi anaongeza sauti. Ongeza, na utawaua kabisa. Punguza kile kinachobingirika, kisha acha mitambo utembee mpaka mlango wa nyuma usikilize kama muumini aliyechelewa. Ma-DJ wengi wa injili hawajawahi kusikia muziki wao kutoka mlango wa nyuma.

Na usianzie juu. Mbele yako wamo watoto, wamo vijana, wamo wazee waliokuja kwa sababu mjukuu ameomba. Anza na mwendo ambao mzee anaweza kuitikia kwa kidole, panda naye. Macho yako yawe kwenye miguu ya watu kuliko kwenye skrini. Ujue pia mkono wa mchungaji: ukiinuliwa kwa maombi, mdundo ushuke polepole, usikatike kama umeme wa mgao. Na kuna hila moja nitakupa bure, niliyoiokota kwa Padre Guilherme na sauti zake za mapapa. Omba ruhusa uchukue dakika moja ya mahubiri ya mchungaji wako, ile sehemu aliyopandisha sauti, uipachike juu ya mdundo. Mchungaji aliyejisikia mwenyewe ndani ya wimbo, na watu wanashangilia, atapata tabu sana kuuita wimbo huo wa shetani.

Kuna jambo linaniudhi, niliseme. Ni ile tabia ya kuchukua biti ya wimbo unaotamba mjini, kufuta jina la mpenzi, kuweka jina la Yesu, na kuuita huo utumishi. Ule ni uvivu uliovaa suti. Chicago haikuiga, ilitengeneza. Wewe una kayamba, una marimba, una sebene, una singeli ya Manzese na Tandale inayokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, una kwaya za vijijini zenye sauti nne ambazo Ulaya wangelipia kuzisikiliza. Halafu unaazima biti ya jirani?

Fedha nayo tusiizunguke. Utaambiwa kwamba Mungu atakulipa, na atakulipa kweli, ila mwenye duka la nyaya anataka leo. Siku ya kutoa, toa: piga bure kwenye kanisa lako na usidai hata nauli. Siku ya kazi, iwe kazi: makubaliano ya maandishi, nusu ya malipo mapema, muda wa kuanza na wa kumaliza. Kinachoharibu uhusiano ni kuchanganya siku hizo mbili, DJ anasema ni utumishi huku moyoni anahesabu. Mtunzi wa pambio pia atafutwe na aandikiwe mgawo wake kabla wimbo haujatoka, hata kama ni mwalimu wa kwaya anayeona aibu kuzungumzia pesa. Sajili kazi zako: Tanzania ipo COSOTA, Kenya vipo vyombo vya mirabaha kwa watunzi, waimbaji na wenye rekodi. Mwingereza Andy Hunter, aliyetoa albamu ya Exodus mwaka 2002, ni Mkristo wa wazi na DJ wa wazi, na muziki wake umelipiwa ukatumika kwenye filamu, televisheni na michezo ya kompyuta. Hilo haliwezekani kwa mtu asiyejua nani mwenye kila sauti iliyomo ndani ya wimbo wake.

Onyo moja, kwa sababu sitaki kukusukuma bila kukuonesha shimo. Mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1986 ilianza ibada ya saa tatu usiku iliyokuja kuvuma kwa taa, skrini na mdundo wa hausi. Vijana walimiminika, maaskofu wakafurahi. Mwaka 1995 ikavunjika, baada ya wanawake kueleza namna kiongozi wake alivyowatumia, na miaka thelathini baadaye, 2025, mahakama ikamtia hatiani. Wapo wanaopenda kusema kwamba ni muziki uliowaponza. Muziki haukuwa na kosa. Pale palikuwa na mtu mmoja juu, giza, umati unaomshangilia, na hakuna wa kumuuliza. Nyuma ya mitambo wewe pia utakuwa juu, gizani, ukishangiliwa. Kwa hiyo jiwekee mtu wa kukuuliza: mama mchungaji, mzee wa kanisa asiyependa muziki wako, yeyote asiyeogopa jina lako. Mpe namba yako na ruhusa ya kukupigia muda wowote.

Basi rudi kwenye shida. Liangalie kanisa lako kama fundi anavyoliangalia gari, bila kulilaumu. Je, mkesha wa vijana unafika saa nane watu wanasinzia na mhubiri anaongea na viti? Kwaya ina nyimbo za miaka kumi na haina rekodi hata moja inayosikika vizuri? Harambee ya kuezeka imekwama kwa sababu tamasha la mwaka jana lilileta watu walewale? Vijana wa sekondari jirani wanapita mbele ya lango wakienda mahali pengine? Huko Manchester, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi la World Wide Message Tribe lilichukua muziki wa dansi likaenda nao shuleni, katika mji ambao vijana wake walikuwa wanakesha klabu. Hawakusubiri vijana waje kwenye benchi. Chagua shida moja. Moja tu, ndogo, inayoweza kupimwa.

Kisha andika karatasi ya ukurasa mmoja kwa kamati. Usiandike hata mstari mmoja wa kuutetea mdundo. Andika tatizo, tarehe, muda utakaotumia, nani atasimamia sauti isizidi, fedha zitakazokusanywa zitaingia mikononi mwa nani. Ambatanisha wimbo mmoja wa kwaya yenu wenyewe uliourekodi vizuri, bila mdundo kabisa, ili wajisikie na wajue kwamba unaweza kazi. Wakikataa, usigombane, warekodie wimbo wa pili. Wakisitasita, omba dakika ishirini kwenye mkesha, saa nane usiku, ule muda ambao hakuna mhubiri anayeugombania. Wakikupa, fika saa kumi na mbili jioni kabla ya waimbaji, na nyaya zako mwenyewe, na ya akiba.